Mkunazini hadi Ujiji: Simulizi ya Safari kwenye Njia ya Misafara

Njia ya kati, ile inayotoka Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, kupitia Ugogo na Unyamwezi mpaka Ziwa Tanganyika, ina urefu wa kama kilomita 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha UNESCO kwenye orodha ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ratiba hii inavipitia vyote, lakini inaanzia Unguja kwa sababu mtaji na amri vilitoka huko. Msimu unaofaa ni Juni hadi Oktoba. Chukua gari la juu, kwa kuwa vituo vitatu viko nje ya barabara kuu, na siku zote tembea na lita 20 za maji ya akiba.

Siku ya 1: Mji Mkongwe

Tunaanza asubuhi Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Hapa palikuwa na soko la mwisho la watumwa la Unguja, mpaka tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko na kuzuia kuwasafirisha watumwa baharini. Hakutia saini kwa hiari. Waingereza walimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka uleule, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi. Uani kuna sanamu tano za watu waliofungwa shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Ni kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998.

Jengo la jirani lina vyumba viwili vya chini, na wageni huambiwa kuwa watumwa walilazwa humo wakisubiri mnada. Ingia, tazama, lakini sikiliza kwa tahadhari. Jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wasioyakubali maelezo hayo. Uchungu wa soko hauhitaji kuongezewa chumvi.

Kinachochanganya watu wengi ni tarehe za kukomeshwa utumwa, kwa sababu zilikuwa ngazi. Mkataba wa 1822 ulizuia kuwauzia Wakristo, maana yake hasa visiwa vya Wafaransa, ambavyo tangu 1776 vilikuwa na mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kwa mwaka, kila mmoja piasta 20. Mkataba wa 1845 ulizuia kuwapeleka Uarabuni. Ule wa 1873 ulifunga bahari, biashara ikahamia nchi kavu, misafara ikaswagwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, ikabidi Barghash aipige marufuku nayo mwaka 1876. Kumiliki mtu kulibaki halali Unguja hadi 1897, masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Tanganyika, Wajerumani waliagiza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru. Sheria ya kuukomesha kabisa ilikuja na Waingereza mwaka 1922.

Jioni, ukipita Malindi na Shangani, kumbuka kwamba "mtumwa" mjini hapa hakuwa mtu wa aina moja. Mjinga ndiye aliyeletwa juzi kutoka bara, hajui lugha wala dini. Mzalia alizaliwa nyumbani kwa bwana, na kumuuza kulionekana aibu. Suria akizaa na bwana wake, mtoto ni huru na anarithi. Hamali na fundi waliajiriwa nje, wakampelekea bwana sehemu ya ujira. Mtumwa wa shamba la mikarafuu kwa kawaida alikuwa na Alhamisi na Ijumaa za kulima kijishamba chake. Yote hayo hayakumzuia bwana kumpiga au kumuuza akitaka, ila ndiyo yanayoeleza kwa nini wengine walitoroka na wengine wakabaki kupigania cheo.

Siku ya 2: Mangapwani, kisha kuvuka

Mangapwani iko kama kilomita 20 kaskazini ya mji. Kuna pango la asili lenye maji, na mbele kidogo kuna chumba kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe kikaezekwa kwa mawe. Hiki ndicho cha magendo baada ya 1873: kiko karibu na ufuko, hakionekani ukiwa baharini, na mtu anaweza kushushwa usiku bila kupita bandarini. Vaa viatu vya soli ngumu, ngazi zinateleza.

Boti ya mchana hadi Dar es Salaam ni kama saa mbili. Kutoka hapo Bagamoyo ni kilomita 65 hivi. Lala huko.

Siku ya 3: Bagamoyo

Siku nzima ni ya hapa, maana hapa ndipo safari ilipofanikiwa au ilipoharibika kabla haijaanza.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilifunguliwa mwaka 1868, ya kwanza ya Kikatoliki katika bara hili la Afrika Mashariki. Mapadre walinunua watoto sokoni Unguja, wakawakalisha kwenye kijiji cha watu waliokombolewa, wakawafundisha useremala, kilimo na katekisimu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kikapiga, kisha kimbunga cha Aprili 1872 kikabomoa majengo. Ukifika kwenye mbuyu wa misheni utaona kipande cha mnyororo kimemezwa na gome. Wageni hupiga picha wakidhani ni wa watumwa. Ulitundikwa miaka ya 1890 na mama mmoja Mfaransa, kufungia punda wake.

Sasa mizigo. Kipimo cha biashara kilikuwa frasila, pauni 35, yaani kilo 16 hivi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, na juu yake aliweka vyake: mkeka, chungu, kibuyu, nafaka, mara nyingi na bunduki. Jumla ilifika kilo 40. Kitambaa kilihesabiwa kwa shuka, mikono minne, na doti, mikono minane. Kilifungwa robota refu na jembamba, likabanwa kwa fito, ili likae begani na liweze kuegemezwa mtini bila kuinama. Shanga ziliwekwa kwenye mifuko mirefu. Masango, zile koili za waya wa shaba, zilitundikwa kwenye ncha za mti kama mzega.

Kosa kubwa la wageni lilikuwa kwenye shanga. Kila nchi ilikuwa na yake, na isiyotakiwa ilikuwa uzito mtupu. Bubu nyeusi zilipokewa Ugogo, kwingine walizicheka. Sofi ndizo zilizokuwa fedha ya sokoni Ujiji. Mtu aliyenunua shanga Unguja kwa kupendezwa na rangi alifika njiani na frasila kumi za takataka, na wapagazi watano wa kuzibeba.

Kitambaa kilichotawala kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi, kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa na konseli Unguja tangu 1837. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Wamarekani walipoanza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 bidhaa ikaadimika Unguja, vitambaa vya India na Uingereza vikaingia pengoni. Na pembe ya ndovu iliyorudi Salem ilipelekwa Connecticut, Deep River na Ivoryton, kukatwa vibao vya piano. Kwa hiyo doti moja iliyolipwa kijijini Ugogo ilikuwa imepita kwenye mikono ya watumwa wa bara lingine kabla ya kubebwa na mpagazi wa hapa.

Huyo mpagazi ni nani? Hapa ndipo vibao vingi vya makumbusho vinapotupotosha. Msafara wa njia ya kati ulikuwa na watu wa hali tatu kwenye mstari mmoja. Wanyamwezi wengi walikuwa huru, walijiajiri kwa msimu, walijadiliana ujira, na wakikosewa waliweka mizigo chini. Wangwana wa pwani walijiita hivyo, yaani waungwana, lakini wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na nusu ya ujira ilimsubiri bwana Unguja. Nyuma yao, mara nyingine, walifuata mateka waliofungwa mnyororo. Njia hii ilikuwa kwanza ya pembe. Iliyobeba watumwa wengi zaidi kuja baharini ni ya kusini, kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa: Rigby, konseli wa Uingereza, aliripoti kuwa mwaka 1859 waliingizwa Unguja watumwa 19,000, na wengi wao walitoka upande wa Nyasa. Kuwaita wapagazi wote watumwa ni kuwanyang'anya Wanyamwezi kazi waliyoijenga wenyewe.

Wapagazi walilipwa sehemu ya ujira kabla ya kuondoka. Mwaka 1874 Stanley, mwandishi wa habari na mpelelezi, alilipa miezi minne mbele. Matokeo yake ni kwamba utoro ulikuwa mkali wiki ya kwanza, wakati pwani bado iko karibu. Dawa ya viongozi wazoefu ilikuwa kupiga kambi ya kwanza mwendo wa saa chache tu kutoka mjini, kuhesabu watu siku mbili, kuziba mapengo, ndipo kuondoka kweli.

Siku ya 4: Bagamoyo – Msata – Chalinze – Morogoro

Barabara ya Msata ni lami. Utavuka Ruvu, ambao wazee wa misafara waliuita Kingani. Watu na mizigo walivuka kwa mitumbwi, punda wakaogeleshwa kwa kamba huku wengine wakipiga risasi majini kuwafukuza viboko na mamba.

Kuanzia hapa ndorobo, yaani mbung'o, walianza kazi. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 na farasi wawili. Wote walikufa Kingaru, kabla hata ya kufika Morogoro. Alikuwa pia na punda 27, wakapukutika mmoja mmoja njiani. Ndiyo sababu mizigo ilibebwa kichwani na begani, wala si kwamba watu wa huku hawakuijua faida ya mnyama.

Morogoro ya leo iko jirani na palipokuwa na mji wa Simbamwene, uliozungushiwa ukuta. Aliyeujenga ni Kisabengo, Mzigua, mwenye kukusanya watoro na watu wasio na kwao. Baada yake alitawala binti yake, na misafara ikamlipa yeye hongo, yaani ushuru wa kupita. Watoro kuwa na mji wenye ukuta kwenye njia kuu, hilo peke yake lingetosha kuwafundisha watoto shuleni.

Wazigua wana kisa kingine. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma wengi pwani, wakaweka rehani watoto na nafsi zao kwa chakula, wakajikuta wamepakiwa majahazi na kuuzwa Somalia. Waliotoroka huko walijenga vijiji msituni kando ya mto Juba na kushika lugha yao vizazi na vizazi. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi walirudi Tanzania kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni. Wengine walipelekwa Marekani. Kizigua kinasemwa leo kwenye miji ya Marekani kwa sababu ya njaa ile.

Siku ya 5: Mkata na Mamboya

Magharibi ya Morogoro kuna mbuga ya Mkata. Kiangazi ni nyasi na vumbi. Masika ni bwawa la maji ya magotini hadi kiunoni, kilomita nyingi, na mpagazi hawezi kuweka mzigo chini. Stanley aliivuka mwaka 1871 katikati ya mvua, na watu wake wakaanza kuhara damu hapo. Miaka miwili baadaye Robert Moffat, mpwa wa mmisionari na mpelelezi Livingstone, alikufa kwa homa kabla ya kuungana na msafara wa mpelelezi Mwingereza Cameron, mvua ileile ya masika. Ratiba mbaya iliua wengi kuliko mishale.

Mamboya iko juu, kwenye milima ya Ukaguru, kaskazini ya barabara kuu ya Dodoma. Njia hii ya kaskazini ilipata umaarufu kwa sababu ilikwepa bwawa, ikawa na maji ya vijito na chakula cha kununua. Wamisionari wa Kianglikana walijenga hapa karibu na 1880. Barabara ya kupanda ni ya udongo. Mvua ikinyesha, ahirisha. Hakuna mengi ya kuona zaidi ya makaburi, miembe na mandhari.

Siku ya 6: Mpwapwa na Marenga Mkali

Acha barabara kuu Mbande, pitia Kongwa, shuka Mpwapwa. Mji uko chini ya mlima wenye chemchemi, na hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwake: ni maji matamu ya mwisho kabla ya Ugogo. Misafara ilipumzika siku mbili tatu, ikanunua nafaka, ikajaza vibuyu. Wamisionari walifika 1876. William Farquhar, aliyeongoza mmoja wa misafara mitano ya Stanley, aliachwa hapa mgonjwa amevimba mwili, akafa.

Hapa pia palipita jaribio la ajabu la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1879 tembo wanne waliofunzwa India walishushwa Msasani ili ijulikane kama wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Ndorobo hawakuwashinda haraka, lakini mizigo mizito, kazi ya milimani na chakula duni viliwashinda. Mmoja ndiye aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kiongozi wao, Carter, aliuawa mwaka 1880 wakati anarudi pwani.

Magharibi ya Mpwapwa ni Marenga Mkali, kama kilomita 50 bila maji ya kunywa. Hapa misafara ilitumia telekeza, na namna yake ni hii. Asubuhi hamuondoki. Mnapika, mnakula, kila mtu anakunywa mpaka ashibe, vibuyu vinajazwa mwisho kabisa. Saa sita au saa saba mchana barghumu linalia, mnatembea mpaka giza linaingia. Mnalala bila kupika, kwa sababu ugali unakula maji. Saa tisa au saa kumi usiku mnaondoka tena, mkiwahi baridi, na kabla jua halijawa kali mnafika kwenye visima vya Ugogo.

Palipoharibika ni pale kibuyu kilipopasuka, au kijana alipomaliza maji yake saa moja ya kwanza. Aliyekaa chini kwenye kivuli mara nyingi hakuinuka. Kwa mateka aliyefungwa shingo kwenye kongwa, ule mti wa panda wenye urefu wa karibu mita mbili, kukaa hakukuwepo: akianguka anamvuta mwenzake, na msimamizi anaamua hapo hapo kumfungua au kummaliza. Livingstone, akipanda Ruvuma mwaka 1866, alikuta maiti zimefungwa kwenye miti. Mwenye mali hakutaka mwingine amwokote bure.

Leo kipande hiki ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.

Siku ya 7: Ugogo na Kilimatinde

Wazungu wote walioandika juu ya njia hii walilalamikia hongo ya Ugogo. Kila mtemi alidai yake, siku mbili za mabishano, doti kwa makumi. Soma malalamiko hayo huku ukitazama nchi yenyewe. Visima vilichimbwa na kulindwa na Wagogo. Msafara wa watu 500 ulikausha kisima kwa siku moja na kumaliza mtama wa kijiji, mwaka wenye mvua chache. Hongo ilikuwa bei ya maji. Aliyejaribu kupita usiku bila kulipa alikuta visima vimefunikwa na hakuna wa kumuuzia hata kibaba.

Wagogo hawakuwa nje ya biashara ya watu. Burton, mpelelezi Mwingereza aliyepita hapa na mwenzake Speke, aliandika kwamba walinunua watumwa kutoka kwenye misafara kwa pembe, wakawatia kwenye kilimo na uchungaji. Mwaka wa njaa mambo yaligeuka, na Mgogo akamweka rehani mwanawe kwa mwenye nafaka.

Kutoka Dodoma hadi Manyoni ni kama kilomita 130. Kilimatinde iko kusini ya Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wajerumani waliweka boma hapa kwa sababu ukiwa juu unaona msafara unaokuja kutoka bondeni nusu siku kabla haujafika.

Siku ya 8: Mgunda Mkali hadi Tabora

Kilomita 260 hivi kutoka Manyoni, kupitia Itigi. Vichaka vya Itigi, ambavyo misafara iliviita Mgunda Mkali, ni vizito kiasi kwamba mtu akiacha njia hatua ishirini hapaoni alipotoka. Misafara ilikata msitu huu kwa mwendo mrefu kuliko kawaida, na hapa ndui ndiyo iliyotisha. Mgonjwa alitengwa, vijiji vikamfungia milango, mwisho akaachwa kichakani na kibuyu cha maji. Burton alikutana njiani na msafara uliokwisha poteza kama watu 50 kwa ndui.

Kambi za zamani zilikuwa na hatari isiyoonekana. Misafara ililala palepale, kwenye vibanda vilevile, na papasi, aina ya kupe, wakajaa kwenye udongo. Kuumwa kwake hakuumi sana; homa huja baada ya wiki, huacha, hurudi, huacha tena. Dutton, daktari aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo, alikufa nao Kasongo mwaka 1905, na kidudu chake kikapewa jina lake. Ukilala nyumba ya udongo kwenye safari hii, inua kitanda, kisiguse ukuta. Funza naye ni mgeni wa njia: aliletwa Angola kutoka Brazili karibu na 1872, na kabla karne haijaisha alishafika pwani yetu, akisafiri kwenye nyayo za wapagazi.

Siku ya 9: Kwihara

Kwihara iko kilomita chache kusini ya Tabora. Tembe lililopo limejengwa upya kwa ramani ya zamani: kuta nene, paa la udongo lililolala, chumba cha mapokezi chenye baraza. Stanley alikaa hapa mwaka 1871 na 1872. Livingstone akasubiri wapagazi hapa mpaka 25 Agosti 1872, akaondoka kuelekea Bangweulu, hakurudi hai.

Tabora, au Unyanyembe kama ilivyoitwa, ilikuwa njia panda: Karagwe na Buganda kaskazini, Ujiji magharibi, Ufipa kusini. Burton na Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 kutoka pwani. Mateka wengi walioletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hawakupita hapa kwenda baharini. Waliuzwa kwa Wanyamwezi, kwa sababu wanaume walipokwenda pwani kubeba pembe, mashamba yalihitaji mikono. Mpagazi huru alitumia ujira wake kununua mtu. Baada ya kizazi kimoja au viwili mtu huyo aliingia kwenye ukoo, akaoa, jina likabaki. Huu haukuwa utumwa wa mikarafuu wala wa pamba ya Marekani, lakini aliyechukuliwa kwao Manyema hakuulizwa anapendelea upi.

Oktoba 1873 mwili wa Livingstone uliingia Kwihara. Alikuwa amekufa mwanzoni mwa Mei kijijini kwa Chitambo. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walitoa matumbo na moyo, wakavizika chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyewahi kuwa mtumwa akasomeshwa Nasik, India, akachonga maandishi kwenye gome. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, miguu ikakunjwa magotini ili mzigo ufupike, ukavikwa kaliko, ukatiwa ndani ya gome la mti lililotolewa zima, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Chuma mwenyewe alikuwa Myao aliyefunguliwa kongwa mwaka 1861.

Cameron, waliyemkuta Kwihara, aliwashauri wazike hapahapa. Walikataa. Aliyeondoka nao, Dakta Dillon wa msafara wa Cameron, alikuwa na homa na kuhara damu. Tarehe 18 Novemba alijipiga risasi Kasekera. Hapo wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao. Wapagazi walitengeneza furushi la mabua ya mtama, wakaliviringisha kitambaa kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nalo Unyanyembe hadharani, mpaka wakalitupa msituni. Mwili wa kweli ukafungwa upya kama robota la nguo, ukabebwa begani mbele ya macho ya wote. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, na watu kama kumi wa msafara walikuwa wamekufa njiani. Konseli wa Uingereza Unguja aliwalipa ujira wao, akawaambia waende. Wainwright peke yake ndiye aliyekuwepo Westminster Abbey tarehe 18 Aprili; Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Sidi Mubarak Bombay pia alipita hapa, mara nyingi kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Alitekwa Uyaoni akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akawa huru bwana wake alipofariki. Aliongoza Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron mpaka Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kijiografia cha London kilimpa pensheni. Walioitwa wavumbuzi walifuata mgongo wake.

Siku ya 10: Urambo na Uvinza

Mtemi Mirambo wa Urambo, kama kilomita 90 kutoka Tabora, aliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 kwa kuwa wafanyabiashara wa Unyanyembe hawakutaka alipwe ushuru kama wengine. Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa vibaya, ikabidi azunguke kusini. Askari wa Mirambo, rugaruga, wengi walikuwa vijana waliokwisha kuvunjiwa vijiji vyao na vita hivihivi.

Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na Malagarasi, na chumvi imechemshwa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kivuko cha mto kilikuwa na bei yake. Mbele yake, Uha, hongo zilimkausha Stanley mpaka akaamua kupita usiku kichakani, mbuzi wamezibwa midomo, wanawake wameamriwa wasitoe sauti. Alifaulu kwa sababu alikuwa na watu wachache.

Siku ya 11: Ujiji

Burton aliliona ziwa tarehe 13 Februari 1858 akiwa amebebwa kwa machela, miguu imekufa ganzi. Speke alikuwa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho. Baadaye, kisiwani, mdudu alimwingia Speke sikioni. Alijaribu kumtoa kwa kisu, sikio likaoza, usikivu ukaharibika. Kwa wasafiri wa leo: pamba, mafuta kidogo ya kula ya uvuguvugu, na hospitali, kisu hapana.

Makumbusho yako kwenye bustani ya miembe ambapo Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871. Stanley aliandika 10 Novemba, lakini hesabu za wote wawili zilikuwa zimevurugika kwa homa, na tarehe ya kweli ni ya mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, ng'ambo, alikoshuhudia tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa pwani wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mto Lualaba. Barua zake kuhusu siku ile ndizo zilizowatia haraka Waingereza kumbana Barghash.

Mtaani Ujiji, usimuulize mtu kama babu yake alikuwa mtumwa. Uliza ukoo umetoka wapi, ulivuka ziwa lini, babu alifanya kazi gani. Familia nyingi za Kimanyema zitakujibu vizuri: wamo waliovushwa kwa nguvu, waliovuka kama wapagazi, na waliovuka na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wakiwa na bunduki. Kiswahili cha Kasongo na Kisangani kilipita kwenye mitumbwi hiyohiyo.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na wapagazi wa masafa marefu wakaishiwa kazi. Kituo cha Kigoma kiko kilomita nane hivi kutoka Ujiji. Kata tiketi ya kurudi siku moja kabla, na beba chakula, maana treni ikichelewa Kaliua hapana mgahawa wa usiku.